Bati la Pembeni

Ndani ya basi la Lillehammer, mji wa milima na theluji, watu wasiojuana hawasemezani, na Gunnvor alilipendea hilo. Lakini asubuhi hiyo, kwenye kiti cha mbele yake, mzee mmoja alishindwa kujizuia kwa sababu ya boksi alilopakata jamaa aliyekaa ubavuni mwake.

"Keria ya sumaku hiyo?"

"Ndiyo, mzee wangu. Unaibandika juu ya gari, unafunga ski zako za kutelezea thelujini, unaondoka."

"Gari gani?"

"Jeep jipya. Lina paa la kioo."

"Sumaku ishike kioo?"

Jamaa aligeuza boksi mikononi. "Pembeni kuna bati."

Gunnvor alihisi bati hilo limezaliwa mdomoni mwake sasa hivi.

"Irudishe, mwanangu. Chukua ya kufunga kwa boliti. Ukiitikisa, gari zima litikisike."

"Miaka kumi naendesha, sijaangusha hata kofia."

"Mimi thelathini, kwa sumaku kama hiyo. Kisha ski moja ikachomoka, ikapasua kioo cha gari la nyuma."

"Dereva alipona?"

"Hapana. Alikuwa dada yangu. Tulikuwa tunakwenda mlimani pamoja."

Basi likasimama. Jamaa alishuka na boksi lake bila kuaga. Kupitia dirishani, Gunnvor alimwona kando ya gari lake kubwa jeusi lililoegeshwa kituoni, akigongagonga paa kwa vidole, akitafuta bati.