Mchezo wa Griffins na Kaka Yake

Tuktuk ilikwama kwenye foleni Makupa. Nilikuwa nimekaa kati ya mama mwenye kapu la mchicha na mwanamume aliyepakata mashine ya gemu ya zamani. Beji yake ya kazini bandarini ilisema Griffins. Mama akamuuliza, "Imeharibika, mwanangu?" Watu wa mji huu hawaoni mzigo wakanyamaza.

"Ina mchezo wa vita uliouzwa pamoja nayo," Griffins akasema. "Utotoni, mimi na kaka yangu hatukujua mchezo mzuri kuliko huo. Jana nimeuwasha tena, mama. Nyuso za askari ni kama unga uliokandwa. Maadui wanasimama tu ukutani, wanangoja kupigwa risasi."

"Umekua, basi. Kaka yako anasemaje?"

"Alicheza kidogo, akainuka. Akaniambia hata zamani hakuupenda. Alikuwa akicheza kwa sababu nikikosa mwenzangu wa kucheza naye nilikuwa nalia."

Mama akageukia malori ya kwenye foleni. Mimi nikajifanya sisikii, kazi ngumu kwa mtu aliyekaa katikati.

"Si ni kwa sababu alikupenda, basi?" mama akasema mwishowe.

"Miaka yote ile nilidhani tunacheza wawili."

Foleni ikafunguka, tukafika Biashara Street, na dereva akasimama mbele ya duka la fundi wa redio. Griffins akashuka na mashine yake kifuani.

"Kumbe ni mbovu," mama akasema.

"La, inafanya kazi vizuri," akajibu. "Nataka tu fundi aiangalie, aniambie kama ni yenyewe iliyobadilika au ni mimi."