Magongo ya Mama Benta

Wachungaji, wazee, majirani wa Kaloleni na nyinyi mliotoka mbali, mimi ni Oduor, ndugu mdogo wa marehemu, na yeye mwenyewe ndiye aliyenichagua nisome wasifu wake, akisema wengine watamlilia mpaka wamgeuze malaika, na malaika hakuwa.

Mama Benta Adero alizaliwa tarehe 14 Machi 1969 huko Nyamasaria, mtoto wa pili wa Mzee Ondiek na Mama Rosa, akasoma huko huko, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1987, akajifunza ushonaji na kufungua kibanda Kaloleni, ambako alishona karibu majoho yote ya kwaya mnayoyaona hapa mbele. Tarehe 19 Desemba 1992 alifunga ndoa kanisani na Bwana Joram, dereva wa trekta la miwa kule Muhoroni, wakajaliwa Calvince na Maryanne.

Mwaka wa 1998 baridi yabisi ilimshika vidoleni, ikashuka magotini, na tangu hapo hakuamka asubuhi hata moja bila maumivu. Miguu iliposhindwa na pedali alitumia cherehani ya mkono, mikono nayo ilipokataa akawafundisha wasichana kushona, kwa maelekezo ya mdomo tu, na ole wake aliyepindisha mshono. Wapo waliosema ana dhambi ya siri, naye akawaomba wamtajie ni ipi, angalau aikumbuke kwa raha. Kwenye maombi ya akina mama alimwambia Mungu waziwazi kwamba amechoka, kisha akasema amina, na hakuona kosa lolote.

Sasa la krusedi, ule mkutano wa injili uwanjani, na nitalisoma, kwa sababu mpaka leo kuna wanaomwita mtu asiye na imani. Tarehe 9 Agosti 2009 mhubiri mgeni alimwita mbele, akaamuru anyang'anywe magongo aliyotembelea, yakainuliwa juu watu wakishangilia, Benta akajaribu kutembea, akaanguka pu, na mhubiri akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba imani yake ni haba. Dada yangu, akiwa pale pale vumbini, alidai magongo yake kwa sauti kubwa, akamwuliza mhubiri kama Bwana Yesu naye alikosa imani, maana alifufuka na bado akamwonyesha Tomaso alama za misumari. Magongo yakarudishwa, na Jumapili iliyofuata alikuwa kitini pake kwenye kwaya, akiimba.

Novemba iliyopita moyo wake ulianza kudhoofika, akalazwa, na tarehe 4 Februari 2026 akatuacha, Maryanne akimpaka mafuta vidoleni. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomwamini aliposema anaumia, majirani waliomchotea maji, na wanakwaya waliomngoja apande ngazi bila kumharakisha.

Jana mgeni mmoja, kwa nia njema, alishauri magongo apewe mwingine, kwa kuwa mbinguni hayana kazi. Marehemu aliagiza azikwe nayo, afike nayo mbele ya Bwana, amwonyeshe, naye Bwana amwonyeshe mikono yake, halafu ndipo wazungumze. Yako ndani ya sanduku, upande wa kulia. Dada, pumzika kwa amani, hakuna atakayekunyang'anya tena.