Vichwa vya Buluu vya Delmar

Kijiwe chetu ni kiti kirefu kilichong'olewa kwenye basi la shule lililokufa, kikawekwa nje ya duka la vyakula vya mifugo, upande unaopata jua asubuhi. Kahawa inatoka ndani, ni ya bure, na ladha yake inaeleza kwa nini ni ya bure. Hapo ndipo wataalamu wa mji wetu hukutana kila siku kabla ya saa tatu. Orrin tunamwita Daktari, kwa sababu mwaka fulani alimshikia daktari wa mifugo mkia wa ng'ombe. Harlan ni Serikali, maana hakuna baya ambalo serikali haijamfanyia yeye binafsi, mvua ya mawe ikiwemo. Delmar ni Fundi, na hilo jina amelistahili kweli. Kwa miaka thelathini anakusanya vile vizito vya kusawazishia matairi, anaviyeyusha apate madini ya risasi, anamimina kwenye kalibu, na kujitengenezea vichwa vya risasi za bunduki yake, kama alivyofanya baba yake.

Alhamisi hiyo Fundi alikuja na chupa ya kioo iliyojaa vichwa vya buluu vinavyong'aa kama peremende. Siku nyingine angetupitishia kimoja kimoja tukisifie. Safari hii aliiweka chini, akaketi.

Tulijua ametoka zahanati. Mwezi wa saba walimpima wakakuta madini ya risasi kwenye damu yake, namba kumi na nne. Kendra, mke wa mwanawe, ambaye hana maneno mengi, alisema mtoto hataletwa kwa babu yake mpaka namba ishuke. Mtoto huyo, Maisie, ana miezi tisa na ameanza kutambaa. Fundi amemwona akitambaa kwenye simu tu.

Ndipo alipoanza kuvipaka vichwa vyake rangi ya unga. Anavitikisa pamoja na unga huo wa rangi ndani ya kopo la plastiki, anavioka kwenye oveni ndogo ya mezani, vinatoka vimevaa ganda gumu. Risasi imefungwa ndani, rangi iko nje, kwa hiyo damu itapona. Ndivyo kijiwe kilivyoamua, kwa kura zote, bila kumsumbua mtu yeyote aliyesoma.

"Ngapi leo?" akauliza Daktari.

"Kumi na tisa."

Serikali akapuliza kahawa iliyokuwa imeshapoa.

"Basi imepanda," akasema Daktari, ambaye hesabu haijawahi kumshinda.

"Ahsante, Daktari. Nilikuwa sijagundua."

Daktari hakukasirika, watu wa taaluma yake huzoea wagonjwa wakorofi. Alieleza kwamba kosa ni buluu. Buluu ni rangi baridi, inaipoza damu, na damu ikipoa uchafu unatuama. Angemshauri nyekundu. Fundi alipomkumbusha kwamba buluu ilikuwa chaguo lake Daktari mwenyewe, huyu alisema sayansi haisimami mahali pamoja. Kisha akahamia kwenye samaki wa mtoni. Fundi akasema hajala samaki tangu mkewe afariki. Daktari akapiga goti lake kwa furaha: hapo sasa, damu imekosa samaki.

Serikali aliwasikiliza kwa huruma, kama mtu mzima anayesikiliza watoto wakigombania jiwe. Kwa maoni yake hiyo namba haihusu risasi hata kidogo. Oveni ya Fundi inatoa joto, joto linaonekana na satelaiti, satelaiti inaongea na zahanati.

"Wanahesabu bunduki zako, bwana. Ndiyo hiyo kumi na tisa."

Fundi akafikiri. "Ninazo kumi na moja."

"Wamejumlisha na za shemeji yako."

Fundi hakucheka. Alianza kuitetea kazi yake, na kusema kweli ilikuwa kazi safi. Alikiweka kichwa kimoja juu ya fuawe aliyoitoa kwenye pikapu yake, akakiponda kwa nyundo hadi kikawa bapa kama sarafu, na ganda halikupasuka. Alikifuta kingine kwa dawa ya kuondolea rangi, kitambaa kikabaki cheupe. Akasema ana uhakika na usalama wake kiasi kwamba glavu ameacha kuvaa. Chungu cha kuyeyushia amekihamisha kutoka bandani hadi gereji, pale karibu na mlango wa jikoni, asipate baridi. Na vichwa sasa anamimina mara mbili ya zamani. Sote tukatikisa vichwa kwa kuridhika, sisi ambao kila Jumamosi hujazana kwenye gereji hiyo kumsaidia kwa ushauri.

"Sikukuu ya Shukrani mwaka huu Kendra anaifanyia kwa mama yake," Fundi akasema, akitazama barabara. "Sijakatazwa kwenda. Sijaalikwa pia."

Hapo hata Serikali alikosa wa kumlaumu.

Twyla akatoka na birika. Ameanza kazi dukani Jumatatu, hata jina la kijiweni hatujampa. Alikuwa amesikia yote, maana Daktari huwa anatibu kwa sauti. Akasema kwamba aliwahi kufanya kazi miaka mitatu kwenye kiwanda cha betri za magari, na humo madini ya risasi yalikuwa mengi. Daktari akamfahamisha kwa upole kwamba betri ni jambo jingine kabisa. Twyla akakubali, akammiminia. Kisha akamgeukia Fundi.

"Mzee Delmar, ukimaliza kuyeyusha, unaingia ndani na viatu gani?"

Tulisubiri Daktari ajibu. Tukasubiri Serikali. Lori la nyasi likapita mpaka likatokomea.

Fundi aliinama. Kwenye kamba za mabuti yake, kwenye mishono na kwenye mikunjo ya ngozi, kulikuwa na vumbi laini la kijivu, rangi ya risasi yenyewe. Hakukuwa na chembe ya buluu.

"Hivi hivi," akasema.

"Unakanyaga zulia?"

"Nakanyaga zulia." Akayatazama tena mabuti. "Maisie anatambaa."

Fundi akafungua kamba, taratibu, buti moja kisha la pili, akamwomba Twyla gunia tupu la chakula cha kuku. Akayatia humo, akalifunga fundo, akalitupa nyuma ya pikapu. Halafu akaukata uwanja wa kokoto akiwa na soksi, akichechemea, mzee wa miaka sabini na moja, akamwita Twyla amweleze vizuri kule kiwandani walikuwa wanafuaje nguo.

Daktari akafungua mdomo kutoa nadharia kuhusu kokoto, akaufunga. Bila kutazamana, sisi tuliobaki tukavuta miguu yetu chini ya kiti.