Wasifu wa Mzee Rivasi, Aliyejiundia Trekta la Bustani

Mzee wetu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Mzee Rivasi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya wawili wa mkulima wa mboga. Wa pili ni mdogo wake, fundi magari. Marehemu aliagiza mdogo wake asitajwe katika wasifu huu. Tumejaribu, imeshindikana.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi 1965. Katika ripoti yake ya mwisho, mwalimu wa hesabu aliandika kwamba mtoto huyu ana akili nyingi na hakubali kusahihishwa. Marehemu alijivunia maneno yote mawili. Baadaye alijifunza kuchomelea vyuma katika chuo cha ufundi, akahitimu mwaka 1970.

Tarehe 14 Desemba 1977 alifunga ndoa na mshonaji wa nguo, mama wa watoto wake watatu. Alimtengenezea bibi harusi kitanda cha chuma, nacho kikakataa kupita mlangoni. Watu walimshauri akikate miguu. Alivunja ukuta.

Kwa miaka mingi marehemu na mdogo wake walifanya kazi katika gereji moja. Mwaka 2006 waliamua kuunda trekta dogo la kulimia bustani zao, ambazo zinatenganishwa na uzio wa waya. Fremu waliichomelea kwa vyuma vya geti la zamani. Giaboksi na ekseli ya nyuma vilitoka kwenye pikapu iliyopinduka, usukani kwenye basi bovu, kiti kwa kinyozi. Injini ilikuwa ya pampu ya maji waliyoachiwa na baba yao, mali ya wote wawili. Walikubaliana kwamba trekta litalima pande zote za uzio.

Ekseli aliifunga marehemu peke yake, naye aliifunga juu chini. Siku ya majaribio, mbele ya wateja, aliingiza gia ya kwanza, na trekta likarudi nyuma likagonga pipa la oili chafu. Likawa na gia moja ya kwenda mbele na nne za kurudi nyuma.

"Kaka, umeifunga kinyume!" mdogo wake alisema, huku akishika mbavu kwa kicheko. "Hilo si trekta, hilo ni rivasi! Shuka nikugeuzie."

"Haiguswi."

"Bolti nane tu, kaka. Kufumba na kufumbua."

"Nimesema haiguswi. Kama mbele yake huijui, ni shauri lako."

Kugeuza ekseli ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Badala yake, marehemu alitumia miezi miwili kugeuza kila kitu kingine. Kiti kilitazama nyuma, usukani ukahamishwa, jembe likafungwa palipokuwa pua. Nyuma ikawa mbele. Trekta lililima vizuri sana, ila upande mmoja tu wa uzio. Mdogo wake alilima kwa jembe la mkono, na kila alipoinama, marehemu alipita kando ya waya akikanyaga mafuta hadi moshi umfunike. Gereji iligawanywa kwa mabati. Hawakusalimiana tena, hata katika misiba.

Mwaka jana marehemu alianza kusumbuliwa na ini. Mdogo wake alifika hospitali mara moja, akasimama mlangoni. "Uliifunga kinyume," alisema. Marehemu alimjibu, "Inatembea." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao ya mwisho. Kwa mkewe, marehemu aliacha agizo: "Yule asilifungue trekta langu." Alifariki tarehe 3 mwezi huu, alfajiri.

Juzi mdogo wake alikuja na mkoba wa spana.

"Shemeji, nimefuata injini ya baba yangu."

"Kesho kutwa tunazika kule chini ya bustani," mjane alimjibu. "Ni tope tupu, gari haliingii. Jeneza tutalivuta na nini? Na wanangu hawawezi kuliendesha dude hilo."

"Alisema nisiliguse."

"Alisema usilifungue. Hakusema usiliendeshe."

"Nikae kinyumenyume mbele za watu? Mimi?"

"Kaa hivyo hivyo. Ukishamfikisha, ulime na kwako. Injini inabaki humo humo."

Aliondoka bila kuaga. Jana jioni alirudi, akajaza mafuta, akakaza nati za magurudumu. Ekseli hakuigusa. "Atakayecheka kesho," alisema, "nitamwambia aliyeifunga ni nani." Trekta hilo, ambalo limesimama mbele yenu likiwa na tela, ndilo litakalompeleka. Tunaomba msisimame nyuma yake, yaani mbele yake. Mtaonyeshwa.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano na mdogo wake mmoja, dereva wake wa leo, ambaye bado amekasirika.

Alale salama mzee wetu, kwa upande ule anaoutaka mwenyewe. Hakuna atakayemgeuza.