Unga Unakobolewa Tangu Lini?

Wazee wangu, shikamooni. Wakristo wenzangu, Tumsifu Yesu Kristo. Waislamu, asalaam aleikum. Wengi mnanijua, mimi ndiye mama wa mashine ya unga hapa Lizaboni. Leo sikuja kulia mbele yenu. Nimekuja kusema nilivyoambiwa siwezi, na nikaweza.

Mwaka juzi, nikiwa na miaka arobaini na minane, nilijiunga na darasa la kuandika programu za kompyuta. Ukifaulu mtihani, unapata kazi ya kutengeneza programu ya kupokea meseji za wakulima. Ukishindwa mara mbili, unatoka. Jamani, niliitaka ile kazi! Niliitaka kuliko nilivyotaka kuolewa, na mume wangu yule pale anacheka.

Nilikwenda vizuri mpaka tulipofika kwenye fanksheni. Msiogope neno. Ni kipande kidogo cha programu: unakipa kitu, kinakifanyia kazi moja, kinakurudishia. Basi. Shida yangu ilikuwa kuziunganisha, moja iikabidhi nyingine. Kwenye mtihani nilikuwa nazo mbili: safisha, inayoondoa takataka kwenye meseji, kama nafasi zilizozidi, na kagua, inayotazama kama mahali palipotajwa pamo kwenye orodha ya maeneo ya wakulima. Nikaandika kama ninavyoongea: safisha(kagua(meseji)). Safisha, halafu kagua. Si ndivyo?

Meseji ya kwanza ikaingia, mtu kaandika Madaba na kuacha nafasi mbili mbele yake. Kompyuta ikajibu: mahali hapajulikani. Mwalimu akasema, "Mama, umeifuta Madaba nzima!" Darasa likaangua kicheko. Ndugu zangu, mimi nimezaliwa Madaba. Halafu akaongeza kwa upole, na upole ule ndio ulioniuma: "Kwa umri huu usijitese. Rudi tu kwenye mashine yako."

Nikarudi. Nimefura, naongea peke yangu barabarani. Kwenye mashine nikamkuta mama mmoja na debe lake la mahindi, anataka sembe. Sembe mnaijua: unakoboa, halafu unasaga. Mdomoni nilikuwa nasema, "Koboa, saga, koboa, saga," lakini kwa hasira nikamimina mahindi kwenye mashine ya kusaga kwanza, nikakinga unga, nikaenda kuumwaga kwenye mashine ya kukoboa. Weee! Lilitoka vumbi, hatukuonana. Yule mama akapiga kelele: "We mwanamke, una wazimu? Unga unakobolewa tangu lini?"

Nikasimama pale, mweupe kuanzia kichwani mpaka miguuni. Unga unakobolewa tangu lini? Nikachukua mkaa, nikaandika ukutani: saga(koboa(mahindi)). Saga imetangulia kuandikwa, lakini iliyo karibu na mahindi ni koboa, na hiyo ndiyo inayoanza. Kompyuta inaanzia ndani ya mabano, inakuja nje. Kumbe nilikuwa nakagua meseji chafu, halafu naisafisha wakati imeshakataliwa! Chini yake nikaandika saga(mahindi). Hiyo ni dona. Mashine ni zilezile, unachagua na kuunganisha kufuatana na unachotaka. Miaka kumi na tisa nafanya kazi hiyo kila siku, halafu naambiwa siiwezi! Nililia kwa hasira, nikacheka palepale, na yule mama akazidi kuniogopa.

Jumatatu nikarudi darasani. Mwalimu akauliza, "Mama, umesahau kitu?" Nikamjibu, "Ndiyo. Mtihani wangu wa pili." Nikaandika kagua(safisha(meseji)). Madaba ikapita. Nakapanya ikapita, hata ile iliyoandikwa na nafasi tano mbele. Hakuna aliyecheka siku hiyo. Kazi nikapata, na ninayo mpaka leo.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mume wangu, aliyeshinda kwenye mashine miezi yote ile na mgongo wake mbovu. Na yule mama wa debe, ambaye nilimrudishia mahindi mengine, yupo hapa amejificha nyuma. Dada, ulinitukana vizuri. Asante.

Mwalimu simchukii. Nasikia siku hizi akifika kwenye mabano anatoa mfano wa mahindi. Hanitaji. Asinitaje, shauri yake.

Ila nyinyi nawaambieni: mtu akikwambia rudi kwenye kazi yako, rudi. Itazame vizuri hiyo kazi. Kisha nenda tena darasani, ukamalize mtihani wako.