Mwalimu Eufrasia Ntilampa, Mzazi wa Walioambiwa Walete Mzazi

Ndugu waombolezaji, wasifu huu unasomwa na Alphonce, mdogo wake marehemu, kwa niaba ya familia. Marehemu aliagiza usiwe mrefu na usiwe wa kuliza watu. Aliagiza pia jambo moja litajwe mwanzoni, nalo ni hili: Jumatatu asubuhi binti yetu Générose, ambaye yupo nasi hapa, anatakiwa kufika shuleni na mzazi ili arudishwe darasani. Mzazi aliyekuwa aende naye ndiye huyu tuliyemzunguka. Tutalirudia jambo hilo kabla hatujamaliza, kwa sababu Mwalimu hakuwa mtu wa kuacha kiporo.

Marehemu Eufrasia Gervasi Ntilampa alizaliwa tarehe 14 Septemba 1961 katika kijiji cha Kagunga, kando ya Ziwa Tanganyika, karibu na mpaka wa Burundi. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Gervasi Ntilampa, mvuvi, na Mama Veneranda, mkulima wa mihogo. Waliomjua utotoni wanasema alikuwa mbishi tangu ana meno ya utoto, na sisi wa nyumbani hatuna la kuwapinga.

Alianza darasa la kwanza hapo hapo Kagunga mwaka 1969. Mwaka 1973, yeye akiwa darasa la tano, Mzee Gervasi alifia ziwani. Eufrasia akaanza kuchelewa shule, kusinzia darasani na kupigana na wenzake. Mwalimu mkuu akamtimua: "Usirudi hapa bila mzazi!" Mama alikuwa bado kwenye msiba, hasemi wala hali. Mtoto akakaa nyumbani hadi mwaka ukaisha, na hakuna aliyekuja kumuulizia. Mwaka uliofuata bibi yetu Rozalia alitoka shambani na jembe lake begani, akamshika mjukuu mkono, akaingia naye ofisini bila kupiga hodi. "Mwakeye, Mwalimu," alisalimia. "Mlitaka mzazi. Huyu hapa. Semeni." Mwalimu mkuu alilitazama lile jembe, akasema karibuni, basi. Marehemu alikuwa akiisimulia habari hiyo hadi kitandani hospitalini, na kila akiisimulia jembe lilizidi kuwa kubwa. Alihitimu darasa la saba mwaka 1976, kidato cha nne mjini Tabora mwaka 1980, na Chuo cha Ualimu Kasulu mwaka 1982.

Alianza kufundisha Kagunga mwaka 1983. Tarehe 9 Agosti 1986 alifunga ndoa na Ndugu Jeremia Martini, fundi wa kuunda boti, wakahamia Gungu, hapa Kigoma mjini. Mungu aliwajalia watoto wawili, Gasper na Wema. Ndugu Jeremia alitutangulia mwaka 2019. Alikuwa mpole, na kwa ndoa ile upole ulihitajika.

Hapa Gungu Mwalimu Eufrasia alisifika kwa hesabu na kwa ukali. Mwaka 2015, watu walipokimbia machafuko Burundi na kujaa ufukweni Kagunga, binti mmoja aitwaye Armelle alifika Gungu na jirani yao wa zamani. Wazazi wake wote wawili walikuwa wamekufa. Akaandikishwa darasa la sita. Kengele ya shule ilikuwa rimu ya gari inayogongwa kwa chuma, na kila ilipogongwa Armelle aliingia chini ya dawati. Wenzake walicheka. Akaanza kukosa vipindi. Mwalimu Eufrasia hakuuliza lolote, akamwambia: "Kesho usije bila mzazi." Maneno yale yale aliyotimuliwa nayo yeye! Mwalimu yeyote aliyepo hapa amewahi kuyasema. Yanatoka mdomoni yenyewe, kama salamu. Armelle akaitika, akafunga begi, hakurudi.

Wiki kadhaa baadaye marehemu alikwenda mwaloni Katonga kununua migebuka, akamkuta binti yule akianika dagaa juani. Armelle alipiga goti. "Shikamoo, Mwalimu. Mzazi bado sijampata."

Marehemu aliwaacha samaki kwa muuzaji. Kesho yake alimchukua Armelle hadi shuleni, akaingia naye katika ofisi ya walimu, ofisi yake mwenyewe, akasimama badala ya kuketi. "Mzazi wa huyu ni mimi," aliwaambia walimu wenzake. "Kama kuna la kusema, semeni." Wakacheka wakidhani ni utani. Waliacha kucheka walipoona haketi.

Tangu hapo hakutulia. Alijifunza kwa watu waliohudumia watoto wenye majeraha ya moyo kwenye kambi za wakimbizi, na kuanzia mwaka 2016 kila Jumamosi akawakusanya walimu: wa shule za msingi, wa madarasa ya MEMKWA ya watoto walioikosa shule, hata mafundi wanaofundisha ushonaji. Siku ya kwanza hakuna aliyefungua daftari. Aliwapeleka Katonga wakageuze dagaa pamoja na vijana walioacha shule, na marufuku ilikuwa moja: hakuna kuuliza "kwa nini uliacha shule?" Mtoto akitaka kusema, atasema. Siku zilizofuata aliwafundisha kuwaonya watoto kabla kengele haijagongwa, kutomjia mtoto kwa nyuma, kumkalisha mwenye hofu karibu na mlango, na kumuuliza anayesinzia kama usiku alilala. Fimbo ilibaki nje na viatu. Tena "njoo na mzazi" ilipigwa marufuku kabisa. Mwalimu alitakiwa aseme, "Kwenu kuna nani, nije nimsalimie?" Halafu aende kweli.

Wako waliombeza. Waliyaita mafunzo yake semina ya kubembeleza. "Ndiyo, nabembeleza," aliwajibu. "Nyinyi mmechapa miaka yote. Dagaa wa Katonga wanaanikwa na nani?" Kiongozi mmoja, ambaye hatutamtaja maana leo amekuja kuzika, alimnyang'anya chumba cha shule alichofundishia. "Mama, watoto hao wa Katonga si wanafunzi wetu," alimwambia. "Walishafutwa." Marehemu akamuuliza, "Walifutwa kwa raba gani? Mbona mimi nawaona?" Akahamishia mafunzo sebuleni kwake. Ndugu Jeremia akatengeneza mabenchi kwa mbao zilizobaki kwenye boti, akilalamika kwamba alioa mwalimu mmoja na sasa wamekuja wote. Marehemu alistaafu mwaka 2021. Mabenchi hayakustaafu, na leo baadhi yenu mmeyakalia.

Februari 2025 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alitibiwa hapa Kigoma na baadaye Mwanza, akarudi nyumbani mwezi Juni. Madaktari walimtaka apumzike. Aliwafundisha walimu akiwa amelala ubavu. Ndipo alipoletwa Générose, miaka kumi na mitano, aliyeacha shule akiwa darasa la sita. Yaliyompata hatutayasema hapa, ni yake. Alipokwenda mwenyewe kuomba kurudi, aliambiwa yale maneno. Marehemu alipoyasikia aliketi kitandani bila kusaidiwa, akamwambia, "Jumatatu ya tarehe 28 nitakwenda na wewe." Sote tulijua hataweza. Yeye pia alijua, na alikasirika sana.

Alifariki nyumbani kwake asubuhi ya Alhamisi tarehe 24 Julai 2025. Kabla ya hapo alimwita Alphonce. "Jumatatu unaijua?"

"Pumzika, dada."

"Sijakuuliza habari za kupumzika."

Marehemu ameacha mdogo wake Alphonce, wajukuu, na watoto. Kuhusu watoto, baadhi ya wazee wetu walishauri tuandike wawili. Shikamooni wazee wetu, lakini hapo tumekataa. Ameacha Gasper na Wema. Ameacha Armelle, ambaye leo anafundisha ushonaji. Ameacha wote aliosimama nao mlangoni mwa shule akisema mzazi ni mimi, wakiwemo wanaoanika dagaa hadi leo na bado wanangojewa. Na ameacha Générose.

Binti yetu, simama watu wakuone. Jumatatu saa moja na nusu asubuhi tutapita kukuchukua: mjomba wako Alphonce, Gasper, Wema na Armelle. Walimu mliokalia mabenchi yale, nanyi mnajua mnapotakiwa kuwa. Wakituuliza mzazi ni yupi, jibu tunalo tangu mwaka 1974: Mlitaka mzazi. Hawa hapa. Semeni. Jembe la bibi bado lipo, na Wema ameshasema atalibeba yeye.

Dada, ulikuwa hutaki kuambiwa neno hili kabla Jumatatu haijapata wenyewe. Sasa imepata. Pumzika kwa amani.