Eric Odoyo Obura, Aliyetaka Barua Ikataliwe Mlangoni

Marehemu Eric Odoyo Obura alizaliwa Sirari tarehe 9 Agosti 1984, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Obura na Mama Rispa, wauza vitenge wenye ndugu pande zote mbili za mpaka. Alisoma shule ya msingi hapohapo Sirari, sekondari Tarime mjini, kisha stashahada ya kompyuta Mwanza. Hakuwa mtu mpole, na familia haitasema uongo mbele ya jeneza. Uzembe ulimchefua, wala hakujua kuficha.

Mwaka 2012 aliajiriwa na hospitali binafsi ambayo hatutaitaja, kwa kuwa imetuletea shada kubwa la maua. Kazi yake ilikuwa kutunza barua pepe. Aliweka seva ya akiba Musoma, mashine ya kupokea barua seva kuu inapozimika ili kila mtu azisome zake humo, na akaiwekea majina ya wafanyakazi wote. Barua ikija kwa jina lisilokuwepo, ilikataliwa papo hapo, na aliyeituma akajua amekosea. Hapa kwetu, ambako nusu ya watu huandika r mahali pa l, hilo halikuwa jambo dogo. Dakta Clement aliandikiwa Crement karibu kila wiki. Kuliongeza jina hilo la makosa Eric alikataa katakata. Alisema mtu aambiwe, ajifunze kuandika.

Tarehe 6 Desemba 2014 alimwoa Kokushubira, muuguzi kutoka Muleba aliyepangiwa kazi Nyansurura. Barua yake ya kwanza kwa Eric ilirudishwa, maana alimwandika "Elick". Akapiga simu kwa hasira. "Mashine yako imenikataa," alisema. "Imekukataa ili upige," Eric akamjibu, na hivyo ndivyo walivyoanza.

Mwaka jana Katibu wa hospitali, Mzee Kisyeri, ambaye leo amekaa kiti cha mbele, aliagiza seva ya akiba ipokee kila kitu. "Wewe Odoyo unafukuza wageni mlangoni," alimwambia. "Kwetu mgeni anakunywa uji kwanza, jina tunamwuliza baadaye."

"Shikamoo, Mzee, lakini barua si mgeni," Eric alijibu. "Ukishaipokea, aliyeituma analala akijua imefika." Hakusikilizwa. Wenye viti vikubwa huwa wamekwisha kujua kila kitu.

Mwezi Machi mwaka huu, 2025, Eric alipata maambukizi ya damu, akalazwa hospitalini hapohapo. Sampuli ya damu ilipelekwa maabara ya Mwanza ili ijulikane dawa ipi itamfaa. Wiki hiyohiyo radi ikaiunguza seva kuu. Alhamisi tarehe 13 Mwanza walituma majibu kwa "Crement", seva ya akiba ikayapokea kwa ukarimu wote wa Mzee Kisyeri, na Mwanza wakaendelea na shughuli zao wakijua yamefika. Yalikaa Musoma kwa jina lisilo na mtu, na Dakta Clement alikuwa bado anayangoja. Eric alimwambia mkewe kutoka kitandani, "Waangalie ile ya Musoma. Jina litakuwa limekosewa." Kokushubira alikwenda mwenyewe ofisini kwa Katibu. Mzee Kisyeri alimjibu, "Mgonjwa hafanyi kazi, mama. Mwambie apumzike."

Alifariki Jumatatu tarehe 17. Jumanne seva kuu iliwashwa, ile ya Musoma ikaikabidhi barua zilizobaki, nayo ikalikataa jina lile, na Mwanza wakapata taarifa kwamba mpokeaji hayupo. Walipiga simu palepale. Dawa waliyoitaja ilikuwa kabatini, wodi ileile aliyolazwa Eric. Familia ina hasira, na shada halijaipunguza.

Marehemu ameacha mjane, Kokushubira. Watoto wawili, Beryl na Gift. Mama yake mzazi, Rispa. Na dada yake, Frida, anayewasomea wasifu huu. Mzee Kisyeri, agizo lako limetekelezwa: Eric anapumzika. Mungu, anayeyajua majina ya watu wake kabla hawajafika mlangoni, ampokee kwa amani.